Herb Brooks: aliwaangusha Wasovieti, mbona Kombe la Stanley lilimshinda?

Anayelijua jina la Herb Brooks huwa analijua kwa tukio moja tu. Februari 22, 1980, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Lake Placid, jimbo la New York, vijana wa Marekani, wengi wao wametoka vyuo vikuu juzijuzi, waliifunga Umoja wa Kisovieti mabao 4-3 katika hoki ya barafuni. Brooks ndiye alikuwa kocha wao. Wamarekani waliuita ushindi ule muujiza na mpaka leo hawajaacha.

Ukiifuatilia kazi yake yote, tangu akiwa mchezaji, unakuta mambo hayakai sawa. Mtu aliyewabwaga mabingwa wa dunia kwa kutumia vijana wa ridhaa alikuja kukabidhiwa klabu nne za NHL, ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada ambayo bingwa wake hutwaa Kombe la Stanley, klabu zenye fedha na majina makubwa, na hakuna hata moja aliyoifikisha nusu fainali. Katika ligi hiyo alishinda mechi 219 za msimu wa kawaida na kupoteza karibu idadi hiyohiyo. Sasa huyu alikuwa kocha wa aina gani?

Wapo wanaosema alibahatika. Sikubaliani nao, kama nisivyokubaliana na wale wanaomfanya mtume. Ninavyoona, Brooks alikuwa na njia moja ya kufundisha maisha yake yote, na njia hiyo ilidai vitu viwili: muda mrefu na wachezaji walewale, na wachezaji wasio na pa kumshitakia. Alipovipata vyote hakuwa anashikika. Alipovikosa akawa kocha kama makocha wengine.

Mchezo wenyewe kwanza

Kila timu huingiza wachezaji sita, kipa akiwamo, miguuni wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wanagombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Mbio zake zinachosha kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani kama dakika moja hivi, au pungufu, kisha anarudi benchi na mwenzake anaingia bila mwamuzi kupuliza filimbi. (Afrika Mashariki nayo imo: mwaka 2005 Hoteli ya Panari ya Nairobi ilifungua kiwanja kidogo cha barafu, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions ya Kenya.)

Miaka ya 1970 mchezo huu ulikuwa na shule mbili. Ya Kanada, iliyotawala NHL, ilisema: kisukume kisahani hadi kona ya wapinzani, kikimbilie, mbane beki wao ukutani kwa bega, mnyang'anye, piga golini. Winga wa kushoto abaki kushoto, wa kulia abaki kulia. Shule ya pili ilikuwa ya Wasovieti, iliyojengwa na mwalimu wao mkuu Anatoly Tarasov, ambaye aliona ni ujinga kukitupa kitu ulichokwisha kukishika. Wachezaji wake walizunguka, wakapishana, wa kushoto akaibukia kulia, na kama njia mbele haipo kisahani kilirudishwa nyuma mpaka ipatikane. Mtazamaji wa Barcelona ya tiki-taka angeielewa hoki hii bila kufundishwa.

Brooks alichukua miguu ya Wasovieti na mabega ya Wakanada. Ukiuondoa ukali wake na hadithi zote za sinema, huo ndio uliokuwa mchango wake kwenye mchezo.

Aliyetemwa wa mwisho

Alizaliwa Agosti 5, 1937 mjini Saint Paul, Minnesota, akakulia upande wa mashariki wa mji, kwenye mitaa ya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikuwamo katika kikosi cha shule ya Johnson kilichotwaa ubingwa wa shule za jimbo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya kocha John Mariucci. Mariucci alikuwa mbishi. Wakati vyuo vingi vikijaza Wakanada, yeye alisisitiza vijana wa jimbo wapewe nafasi. Brooks aliuchukua msimamo huo akatembea nao.

Mwaka 1960 alijaribu kuingia timu ya Olimpiki. Alipita mchujo baada ya mchujo, na siku chache kabla ya michezo kocha Jack Riley akamtema. Alikuwa wa mwisho kuondolewa. Timu ilikwenda Squaw Valley, California, ikawafunga Wakanada na Wasovieti, na kuipa Marekani dhahabu yake ya kwanza ya hoki. Brooks aliitazama kwenye televisheni nyumbani na baba yake, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mzee, badala ya kumpa pole, alimwambia inaonekana kocha alimtema mtu sahihi.

Kwenye Olimpiki za Innsbruck mwaka 1964 na Grenoble mwaka 1968 alicheza. Marekani ilimaliza ya tano, kisha ya sita. Dhahabu zote mbili zilikwenda Moscow. Maisha yake yalikuwa ya mchezaji wa ridhaa hasa: anauza bima ili ale, anafanya mazoezi muda unaobaki. Hivyo kama mchezaji hakupata medali ya Olimpiki hata moja. Alichopata ni kukutana na Wasovieti barafuni, kifua kwa kifua, mara nyingi kuliko Wamarekani wengi wa wakati wake. Mkononi alikuwa pia na shahada ya saikolojia, nayo haikukaa kabatini.

Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Minnesota kilimpa timu iliyokuwa imeburuza mkia katika ligi yake. Miaka miwili baadaye akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu wa taifa, wa kwanza katika historia ya chuo hicho. Akaurudia mwaka 1976, tena mwaka 1979, karibu kikosi chote kikiwa cha vijana wa Minnesota.

Ridhaa ya nani?

Hapa pana fundo linalowachanganya wengi. Kanuni za Olimpiki wakati ule ziliwazuia wachezaji wa kulipwa, kwa hiyo nyota wa NHL hawakuruhusiwa. Wasovieti kisheria walikuwa nao wa ridhaa. Kwa vitendo, wengi walikuwa askari wa klabu ya jeshi ya CSKA, cheo na mshahara juu, kazi yao ya kutwa ikiwa hoki, na sehemu kubwa ya mwaka wakiishi kambini. Walikuwa wametwaa dhahabu nne mfululizo, kuanzia mwaka 1964 hadi 1976. Februari 1979 waliichapa timu ya nyota wa NHL mabao 6-0 mjini New York. Kuwaita timu ya ridhaa kulihitaji uso mkavu.

Na siasa zilikuwa zimechemka. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter akaanza kampeni ya kuisusia Olimpiki ya Moscow. Sisi tulifikiwa moja kwa moja: Februari hiyohiyo ya 1980 Carter alimtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kuomba uungwaji mkono. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kwa hiyo wakati Ali anahangaika kwenye viwanja vya ndege vyetu, Brooks alikuwa anamalizia kikosi chake cha Lake Placid. Vita ni ileile, nyanja tofauti.

Miezi ya Brooks

Mchujo ulifanyika kiangazi cha mwaka 1979 mjini Colorado Springs. Wachezaji 12 kati ya 20 wa mwisho walitoka Minnesota, na wanne Chuo Kikuu cha Boston. Makundi hayo mawili yalichukiana. Katika nusu fainali ya vyuo ya mwaka 1976 Minnesota na Boston walipigana ngumi uwanjani, na baadhi ya waliopigana siku ile sasa walitakiwa kupeana pasi.

Brooks alilitatua kwa kujifanya adui yao wa pamoja. Hakula nao, hakutaniana nao, hakumsifu mtu. Upole alimwachia msaidizi wake, Craig Patrick, aliyekuwa bega la kulilia. Lishike jina hilo la Patrick.

Zoezi lake lililoogopwa lilikuwa hivi: unasimama mstari wa goli, unakimbia hadi mstari wa bluu wa karibu na kurudi. Bila kupumzika, hadi mstari mwekundu wa katikati na kurudi. Hadi mstari wa bluu wa mbali na kurudi. Hadi goli la upande wa pili na kurudi. Hapo umemaliza raundi moja. Wachezaji waliliita kwa jina lake, Herbies. Septemba 1979 mjini Oslo walitoka sare ya 3-3 na Norwei, na Brooks akaona macho yao yanaangalia mashabiki wa kike jukwaani badala ya mchezo. Mechi ilipoisha aliwazuia wasitoke barafuni, akawakimbiza mistari hiyo tena na tena. Mhudumu wa uwanja akazima taa ili akalale. Brooks akaendelea gizani.

Kuna msomaji atakayesema huu ni unyanyasaji, na sitabishana naye sana. Lakini zoezi lilikuwa na hesabu. Brooks alifanya kazi na mtaalamu wa fiziolojia, Jack Blatherwick, kwa sababu hoki ya kuzunguka na kupishana haichezeki kwa mapafu ya kawaida. Timu za NHL ziliposhindwa na Wasovieti mara nyingi zilishindwa kipindi cha tatu, pumzi zikiwa zimekata. Timu ya Brooks ilicheza zaidi ya mechi 60 za maandalizi. Nani katika ligi ya kulipwa angepewa nusu mwaka na wachezaji 20 bila presha ya msimamo wa ligi?

Ilipofika kumtema wa mwisho, alikuwa Ralph Cox wa Chuo Kikuu cha New Hampshire. Brooks alijua fika anachomfanyia kijana yule.

Februari 9, siku tatu kabla ya mechi yao ya kwanza, walicheza na Wasovieti mjini New York wakala kumi: 10-3. Olimpiki yenyewe ilianza kwa sare ya 2-2 na Uswidi, bao la kusawazisha la Bill Baker likija sekunde 27 kabla ya mwisho. Kisha wakaitandika Chekoslovakia, iliyotajwa kuwa ya pili kwa ubora, mabao 7-3. Norwei, Romania na Ujerumani Magharibi wakafuata.

Siku ya Wasovieti, takwimu hazikuwa upande wa Marekani: mashuti 39 kwa 16. Bao lililogeuza mambo lilipatikana mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Kipa Vladislav Tretiak alitema shuti la mbali, mabeki wakadhani muda umekwisha, Mark Johnson akapita katikati yao na kufunga ikiwa imebaki sekunde moja. Ikawa 2-2. Kocha Viktor Tikhonov akamtoa Tretiak, kipa bora duniani, akamwingiza Vladimir Myshkin, uamuzi ambao mwenyewe alikuja kuujutia. Kipindi cha tatu Johnson akasawazisha tena, na zikiwa zimebaki dakika 10 kamili nahodha Mike Eruzione akafunga la nne. Wasovieti walikuwa na dakika hizo zote kumi na hawakupata kitu.

Wengi huamini ile ilikuwa fainali. Haikuwa. Mashindano yale hayakuwa na fainali: timu nne zilicheza kwa pointi, na matokeo yao ya hatua ya makundi yalibebwa. Marekani ilikuwa bado na Ufini siku mbili baadaye, na ikipoteza ingeweza kukosa hata shaba. Baada ya vipindi viwili Ufini iliongoza 2-1. Brooks aliingia chumba cha kubadilishia nguo akawaambia wakipoteza mechi hii wataenda nayo kaburini. Wakafunga matatu kipindi cha tatu, 4-2. Kwa maoni yangu mechi ya Ufini inasema zaidi kuhusu kocha kuliko ile ya Wasovieti. Ya Wasovieti unaweza kuielezea kwa dharau ya mpinzani na kipa aliyetolewa. Ya Ufini ilikuwa ya mapafu.

Ligi ya kulipwa

Baada ya kufundisha kwa muda mfupi klabu ya Davos huko Uswisi, Brooks alichukuliwa na New York Rangers mwaka 1981. Aliyemleta? Craig Patrick, msaidizi wake wa jana, sasa meneja mkuu na bosi wake.

Hakuanza vibaya, na alifikisha ushindi wa 100 haraka kuliko kocha yeyote wa Rangers kabla yake. Alijaza vijana wepesi, wafupi, wenye mbio, baadhi wakiwa wake wa Lake Placid. Mmoja wao, Mark Pavelich, alifunga mabao matano katika mechi moja Februari 1983. Lakini ng'ambo tu ya mji kulikuwa na New York Islanders, mabingwa mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1980, wenye mbio na pia mabega. Mwaka 1982 Islanders waliwatoa Rangers kwenye mtoano. Mwaka 1983 wakawatoa tena. Mwaka 1984 walifika mechi ya tano, ya kuamua, ikaenda muda wa nyongeza, na aliyefunga bao la kuwaua Rangers alikuwa beki Ken Morrow. Morrow wa dhahabu ya Lake Placid. Mtu mwenyewe wa Brooks.

Mkosi? Kiasi. Lakini tazama mazingira. Msimu wa NHL wakati ule ulikuwa na mechi 80. Timu inacheza leo, inapanda ndege usiku, inacheza kesho kutwa. Mazoezi ya kufundisha mfumo mgumu yanafanyika lini? Viwanja vya NHL vina upana wa mita 26 hivi, wakati vya kimataifa siku zile vilikuwa na 30, na hoki ya kupishana inapenda nafasi. Halafu lipo suala la mamlaka. Kijana wa chuo anayeota Olimpiki huwezi kumtisha zaidi ya kumwambia utatemwa. Mtu mwenye mkataba wa miaka kadhaa, anayelipwa kumzidi kocha, na mwenye wakala, ukimkimbiza gizani hatakuchukia kwa faida ya timu. Atapanda ghorofani kwa meneja. Januari 1985 Brooks alifungashiwa virago, na aliyemfungashia ni Patrick.

Mwaka 1986 alifanya kitu ambacho makocha waliowahi kuongoza New York hawafanyi: alikwenda kufundisha chuo kidogo cha St. Cloud State, msimu mmoja, akakipigania kipande daraja la juu la vyuo. Akashika nafasi ya tatu kitaifa katika daraja la chini. Chuo, vijana, hakuna mikataba: kila kitu kikafanya kazi tena. Msimu uliofuata akachukua Minnesota North Stars ya NHL, ikamaliza ya mwisho katika ligi nzima.

New Jersey Devils, msimu wa 1992-93, ndiyo inayonisumbua zaidi. Walishinda mechi 40, wakatolewa raundi ya kwanza na Pittsburgh, Brooks akabwaga manyanga. Nafasi yake ikachukuliwa na Jacques Lemaire, ambaye aliwafundisha Devils kuziba katikati ya uwanja, kumsubiri mpinzani akosee na kumwadhibu. Hoki ya kuchosha macho, kinyume cha kila alichoamini Brooks. Mwaka 1995 Devils wakatwaa Kombe la Stanley.

Kazi yake ya mwisho ya klabu ilikuwa Pittsburgh Penguins, katikati ya msimu wa 1999-2000. Aliyemwita, kwa mara nyingine, ni Patrick.

Salt Lake City inavuruga hesabu yangu

Mwaka 2002, kwa Olimpiki ya Salt Lake City, Brooks, akiwa na miaka 64, alipewa tena timu ya Marekani, na meneja wake alikuwa Patrick yuleyule. Safari hii NHL iliruhusu nyota wake: Brett Hull, Mike Modano, Brian Leetch, Mike Richter golini. Mamilionea watupu, na kocha hakuwa na miezi sita bali siku chache. Kwa nadharia yangu angepwaya. Hakupwaya. Waliifunga Urusi 3-2 katika nusu fainali, Februari 22, tarehe ileile miaka 22 baadaye, na kupoteza fainali kwa Kanada, 5-2. Fedha.

Ninavyolielewa, lile sharti la mamlaka lilikuwa zito kuliko la muda. Wachezaji wale walikuwa watoto au vijana mwaka 1980, na wengine walikamata gongo kwa sababu ya mechi ile. Brooks alipoingia chumbani hakuhitaji kumfanya mtu amwogope. Na hakuna aliyekuwa na mkataba naye: wote walikuja kwa hiari yao, kwa wiki mbili, kwenye barafu pana.

Agosti 11, 2003 alifariki kwa ajali ya gari karibu na Forest Lake, Minnesota, akiwa na miaka 66. Hakuwa amefunga mkanda.

Miaka miwili baadaye NHL, ikitoka kwenye mgogoro wa mikataba ulioufuta msimu mzima wa 2004-05, ilibadili sheria. Pasi ndefu inayovuka mistari miwili, iliyokuwa marufuku, ikaruhusiwa, na waamuzi wakaagizwa kuwaadhibu wanaowashika na kuwavuta wachezaji wepesi. Mchezaji wa kimo cha Pavelich akapata kazi ya kudumu. Mwaka 2006 Brooks aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki mjini Toronto, katika kundi la wajenzi wa mchezo.